Msorbi si Mserbia

Kosa la kuwaita Wasorbi Waserbia nimelisikia tena juzi, safari hii katika filamu fupi ya utalii iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Farasi wamepambwa, wanaume wamevaa makoti meusi na kofia ndefu, wanazunguka mashamba wakiimba nyimbo za Pasaka, na msimulizi anatuambia kwa uhakika kabisa kuwa hao ni "Waserbia wanaoishi Ujerumani". Nikaizima.

Wasorbi ni watu wa mashariki ya Ujerumani, wa jamii ya Waslavi, yaani watu wenye lugha za ukoo mmoja na Kipolandi na Kirusi. Nchi yao huiita Łužica, Wajerumani huiita Lausitz, nayo imepakana na Poland na Cheki. Hukadiriwa kuwa watu 60,000 hivi, na wanaozungumza Kisorbi ni wachache kuliko hao. Maana ndiyo hiyo, haina ugumu. Ugumu uko kwenye jina.

Niwe mkweli, anayekosea ana kisingizio. Wasorbi wenyewe hujiita Serbja, na Wacheki huwaita Waserbia wa Łužica. Habari za Fredegar, kitabu cha kale cha Wafranki, zinamtaja chini ya mwaka 631 mtemi wao Dervan, mkuu wa watu walioitwa Surbi. Huenda majina haya mawili ni ya shina moja. Lakini hebu tazama mkondo unakoelekea. Konstantino wa Saba, mfalme wa Bizanti, aliandika katika karne ya 10 kuwa Waserbia wa Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, walishuka kutoka "Serbia Nyeupe" huko kaskazini, na wapo wanahistoria wanaoihusisha nchi hiyo na maeneo haya haya. Basi hata ukiikubali simulizi hiyo, aliyehama ni Mserbia. Msorbi hakutoka Belgrade, mji mkuu wa Serbia, kwenda kutafuta maisha Ujerumani. Majina ya Leipzig na Dresden ni ya Kislavi, kwa hiyo swali la nani mgeni wa nani lingeulizwa kwa uangalifu.

Lugha nazo zimeachana zamani. Kiserbia ni cha Waslavi wa kusini, Kisorbi ni cha magharibi, jirani ya Kicheki na Kipolandi. Kisorbi bado kina umbo maalumu la watu wawili: "sisi wawili" kwao ni neno moja tu, *mój*. Kiserbia cha leo hakina umbo hilo.

Chukua kijiji cha Chrósćicy, ambacho ramani za Kijerumani hukiandika Crostwitz, kati ya miji ya Kamenz na Bautzen. Jina linatokana na *chróst*, yaani vichaka. Ndivyo wakulima wanavyoita mahali, kwa kile walichokifyeka. Kinatajwa katika maandishi tangu 1225. Udongo wa hapo ni laini na wenye rutuba, vilima vimelala, kijito cha Satkula kinapita, na vitongoji vimetawanyika katikati ya mashamba. Ukienda kaskazini kidogo unakuta mchanga, misitu ya misonobari na mabwawa ya samaki, na huko makaa ya mawe ya kahawia yamemeza vijiji vizima.

Kwa nini Kisorbi kilidumu hapa kuliko kwingine? Sababu kubwa ni watawa wa kike. Monasteri ya St. Marienstern, iliyoanzishwa 1248, ilimiliki vijiji vya upande huu. Majirani wengi walipogeukia Uprotestanti, hapa walibaki Wakatoliki. Wakaoana wao kwa wao, wakasali kwa lugha yao, na kwa hiyo watoto wakalelewa nayo. Wale wapanda farasi wa filamuni wanatoka katika parokia hizi. Na mwaka 2001, serikali ya jimbo ilipokataa kufungua darasa la tano la shule ya Kisorbi ya Chrósćicy kwa kuwa wanafunzi walikuwa 17 tu, wazazi waliendelea kuwapeleka watoto wao na walimu wastaafu wakawafundisha. Hiyo ni ghadhabu ya wenyeji, si ya wahamiaji.

Utakutana pia na neno Wawendi. Hilo ni jina la Wajerumani kwa majirani zao Waslavi, na wengine hulichukulia kama Mbajuni anavyolichukulia neno "Mgunya": inategemea nani anasema, na kwa sauti gani. Łužica ya Chini, yaani sehemu ya kaskazini ya nchi hiyo, wapo wanaojiita hivyo bila shida. Wajukuu wa wale waliovuka bahari mwaka 1854 kwenda Texas, wakiongozwa na mchungaji Jan Kilian, nao hulitumia mpaka leo. Kijiji walichokianzisha huko kinaitwa Serbin, na naam, kuna watu hudhani kilianzishwa na Waserbia.

Kwa hiyo, ndugu mtafsiri, watu ni Wasorbi, lugha ni Kisorbi, na nchi ni Łužica au Lausitz, upendavyo. Ni kutoa *e* na kuweka *o*, na kuiondoa ile *a* ya mwisho.