Nani hajapimwa VVU huku kwetu, na kwa nini sisemi ni woga

Kila mwisho wa mwezi huketi na rejista za upimaji wa VVU kutoka vituo vitatu vya afya viungani mwa Kisumu, nikazijumlisha kwa mkono kabla ya kuingiza tarakimu kwenye kompyuta. Ningeweza kuanza na kompyuta moja kwa moja. Lakini kidole kinapoteremka kwenye safu ya jinsia huniambia jambo ambalo jedwali haliniambii: mwanamke, mwanamke, mwanamke, mwanamume mmoja, mwanamke, mwanamke. Kurasa nzima huwa hivyo.

Kwenye mikutano ya kaunti hakosekani mtu wa kusema kwamba wanaume wa huku ni waoga wa majibu. Nilikuwa mshauri nasaha miaka sita, nikiwachoma watu vidole kuwapima kwa mikono yangu, kabla sijahamia kazi ya takwimu, na kauli hiyo siikubali tena.

Tuanzie kwenye tarakimu za taifa. Mwaka 2007, asilimia 34 tu ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wamewahi kupimwa. Kufikia 2012 walikuwa wamefika asilimia 72. Ni ongezeko kubwa mno kwa miaka mitano, ila halikugawanyika sawa: wanawake walikuwa asilimia 80, wanaume 63.

Je, wanawake walipata ujasiri ambao waume zao hawakuupata? Walichopata ni kliniki ya wajawazito. Mama anapofika mara ya kwanza na tumbo lake, hutolewa damu ya kupima kiwango cha damu, kaswende na VVU kwa mpigo mmoja. Ana haki ya kukataa, kwa kuwa sheria ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa. Wanaokataa ni wachache, maana kipimo kimemkuta katika shughuli aliyoijia. Hakuamka asubuhi akajiambia, "Leo naenda kupima Ukimwi."

Mwanamume ndiye anayetakiwa kuamka na kauli hiyo. Anaacha kibarua cha siku, anapita mbele ya majirani, anaketi kwenye benchi nje ya chumba ambacho kijiji kizima kinajua ni cha nini. Kisha anaingia ndani kuulizwa amelala na nani. Ukiniambia kwamba asiyefanya hivyo ni mwoga, nitakuuliza ni wanawake wangapi wangefanya kama wangewekewa sharti hilo hilo.

Ushahidi uliobadilisha fikra zangu ulitoka hapa hapa Kisumu. Mwaka 2015, watafiti waliwapata wanawake 600 kwenye kliniki tatu za wajawazito na za waliojifungua. Nusu yao walipewa vifaa vya kujipimia wakapeleke nyumbani, kile kijiti cha kupangusa ufizi. Wengine walipewa barua ya kawaida ya kumwalika mume kliniki. Katika kundi la barua, wanaume waliopimwa walikuwa asilimia 51.7. Katika kundi la vifaa walikuwa asilimia 90.8. Wanaume ni wa mji mmoja, wake zao ni wa kliniki zile zile, hofu ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa kupimia.

Niseme hapo hapo kwamba kumpa mama kifaa si jambo la kumwekea mkobani tu. Kuna nyumba ambamo kijiti kile kinaweza kuleta kipigo. Mshauri anapaswa kumuuliza kwanza, wakiwa wawili peke yao, na akisema hapana, basi iwe hapana.

Kuna na tarakimu nyingine ambayo ningependa wasemaji wa woga waiangalie. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 ya wanawake walijua hali yao, na wanaume asilimia 72.6. Lakini ukiwachukua waliojua, wanaume kwa wanawake, asilimia 96 walikuwa wanameza dawa. Mtu akishajua, anatibiwa. Tunapowapoteza wanaume ni kabla ya kujua.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye neno dogo linalosumbua takwimu zetu: "amewahi". Mwanamume aliyepimwa mara moja mwaka 2009 akiomba kazi, na mama aliyepimwa wiki jana, wote wanahesabiwa kuwa wamewahi. Kwa hiyo asilimia ya waliowahi haiwezi kushuka sana, hata upimaji ukilala. Swali la kama mtu amepimwa ndani ya mwaka uliopita lina maana zaidi, nalo pia lina mtego wake. Vipimo elfu moja kwa mwezi vinaweza kuwa vya watu wale wale wanaorudi, huku jirani yao hajaguswa kamwe. Ndiyo maana mimi hutazama kwanza ni nani kati ya wenye virusi anajua hali yake, halafu natafuta ambaye hajui anaishi wapi na analala saa ngapi.

Kulala si mzaha. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku kwa taa. Wanarudi alfajiri, wanauza, wanalala. Chumba cha kupimia kinafunguliwa saa mbili asubuhi, wakati mvuvi anavuta shuka. Tena samaki wakihama naye anahama, leo Dunga, mwezi ujao ufuo mwingine kabisa upande wa Siaya au Homa Bay. Kijana mmoja aliniambia, "Daktari, mimi sikatai. Nyinyi ndio mnakuja nikiwa nimelala." Mimi si daktari, na sikuwa na jibu. Alikuwa pia ameniambia kwamba hali yake anaijua kwa sababu mkewe alipimwa kliniki na kukutwa hana. Hilo nimelisikia mara nyingi mno. Majibu ya mke si majibu ya mume. Tunao wanandoa wengi ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana.

Kwa vijana wa kiume, mlango mmoja mzuri ulifunguka mwaka 2008, tohara ya hospitali ilipoanza kutolewa kwa wingi Nyanza. Kijana anakuja kutahiriwa, anapewa nafasi ya kupimwa. Lakini ukivuka kwenda Bungoma, ambako Wabukusu hutahiri Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili (yaani 2022, 2024 na kuendelea hivyo), kijana anayepashwa tohara nyumbani anaweza kumaliza sherehe zote bila kukutana na mshauri nasaha. Simlaumu yeyote kwa hilo. Nasema tu kwamba tofauti ya takwimu kati ya vijana wawili wa umri mmoja inaweza kuwa ni tofauti ya mahali walipotahiriwa.

Wanaoniuma zaidi ni wazee. Utafiti wa kitaifa wa 2012 uliishia miaka 64, na wa 2018 vivyo hivyo. Mjane wa miaka 68 hayumo katika asilimia yoyote niliyoitaja hapa. Kliniki ya wajawazito aliiacha kabla vipimo hivi havijaanza. Akija na kikohozi au akikonda, tunaanza na sukari, presha, uzee. Mama mmoja nilipomuuliza kama angependa kupimwa alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, miaka yote hii hakuna aliyeniuliza." Akanyoosha kidole.

Tangu Marekani ilipositisha misaada Januari 2025, washauri wengi waliolipwa na miradi wamepoteza kazi, na mikono iliyobaki ni michache. Hatuwezi tena kumpima kila anayepita mlangoni na kufurahia wingi wa vipimo. Kwa upande wangu nimeanza na rejista: pembeni mwa kila jina naandika kwa penseli kilichomleta mtu kituoni siku hiyo, mimba, homa, tohara, jeraha, au kupimwa tu. Na kwa wavuvi tumehamisha saa. Sasa tunafika ufuoni saa tisa alasiri, wakiwa wameamka na wanashona nyavu kabla ya kuingia ziwani.