"Kwa hisani" si ruhusa: hakimiliki inalinda nini?

Chini ya picha nyingi mtandaoni huandikwa "Picha kwa hisani". Mara nyingine hata jina halifuati. Hisani tu, haijulikani ya nani. Sasa, hisani ni wema unaotendewa na mtu. Ukichukua picha ya radi juu ya jengo la KICC kutoka ukurasa wa mpigapicha wa Nairobi bila kumwomba, wema huo alikutendea saa ngapi?

Hakimiliki ni haki ya aliyebuni kazi, iwe makala, picha, wimbo au programu ya kompyuta, kuamua nani ainakili na nani aisambaze. Haingoji alama ya © wala cheti. Kazi ikishaandikwa au kurekodiwa, imelindwa. Wanaojisajili na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, hupata ushahidi wa kuonyesha wakigombana na mtu; haki yenyewe walikuwa nayo tayari.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba hapa kuna makosa mawili, nao huyaona kama moja. La kwanza ni kujifanya kazi ya mwenzio ni yako. La pili ni kuinakili bila idhini. Kutaja jina kunaliondoa la kwanza tu. Mtu akichukua bodaboda yako bila kukuuliza, kisha awaambie abiria wote kuwa ni yako, bado ameichukua.

Kuna nafasi ambazo Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imeziacha wazi: utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti matukio ya sasa. Unaweza kunukuu aya mbili za makala ili uzipinge, mradi utaje chanzo. Lakini kubandika makala nzima na kuongeza "someni hii, jamani" si uhakiki, hata ukiweka vidole gumba vitatu.

Habari yenyewe, kwa upande mwingine, haina mwenyewe. Kwamba Barabara ya Thika imefungwa na mafuriko, yeyote anaweza kusema. Sentensi alizozipanga mwandishi aliyelowa pale kwenye mvua ndizo zake. Soma, funga ukurasa, andika kwa maneno yako, kisha weka kiungo cha alichoandika.

Muda nao ni mrefu: kwa maandishi, maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Na tangu marekebisho ya 2019, mwenye kazi iliyopandishwa mtandaoni bila idhini yake anaweza kumwandikia mtoa huduma ya intaneti, naye akatakiwa kuifungia ndani ya saa 48 za kazi, isipokuwa aliyeipandisha alete pingamizi.

Kuomba ni rahisi kuliko hayo yote. Mwandikie mwenye picha, umweleze utaitumia wapi na kama utaikata. Wapo watakaotaka malipo, wapo watakaotaka jina lao tu. Jibu lake lihifadhi. Siku akisahau kwamba alikubali, ndilo utakalomwonyesha.