Excel asilimia 90, lakini ya nini?

Wiki hii tena nimefungua rundo la CV na kukuta ule mchoro: mistari ya bluu, Word 95%, Excel 90%, PowerPoint 85%, na chini kabisa, bila aibu, Intaneti 100%. Intaneti yote! Tim Berners-Lee, aliyebuni Wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, sidhani kama angejipa 60. Mimi huandaa majaribio ya kompyuta kwa kampuni ndogo zinazohudumia migodi hapa Lubumbashi, Kongo, na jioni nafundisha. Kila zikitangazwa nafasi za kazi, mistari hiyo inarudi. Zamani nilikuwa nacheka.

Asilimia 90 ya nini? Excel ina fomula zilizo tayari zaidi ya 400. Nyingi kati yake sijazigusa na sitazigusa, hasa zile za wahandisi na za mabenki, na wala hazinikoseshi usingizi. Hakuna mahali panapoitwa 100% ambapo mtu anafika, anavua viatu na kupumzika. Aliyechora mstari ule amechora jinsi anavyojisikia.

Ukimbana aliyeuchora, atakimbilia miaka: "Natumia kompyuta tangu 2012, Papa." Kukaa miaka kando ya mto hakumfundishi mtu kuogelea. Nenda njia ya Kasapa, karibu na chuo kikuu, ukae kwenye moja ya vibanda vinavyochapa kazi za wanafunzi. Utaona vidole vinavyoruka juu ya klavye (kibodi) hadi macho yashindwe kuvifuata. Kisha tazama faili lenyewe. Vichwa vya sura vimesukumwa katikati kwa nafasi tupu ishirini. Ukurasa mpya umepatikana kwa kugonga Enter mpaka chini. Orodha ya yaliyomo imeandikwa kwa mkono, na nukta zake moja moja. Siku profesa akisema "ondoa kurasa tatu hizi", usiku mzima unaisha kwa kurekebisha namba. Simdharau mama anayechapa pale. Anajua masharti ya kila kitivo kuliko wanafunzi wenyewe, na makosa ya tahajia hayampiti. Lakini miaka yake imempa kasi katika njia moja ileile, na njia hiyo ni ndefu.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi kweli. Watu wanapima ujuzi wao kwa vitu wanavyoweza kufanya mambo yakienda vizuri. Mimi napima jambo moja: matokeo yakiwa mabaya, utayaona?

Nina faili ninalolitumia kwenye majaribio. Ni jedwali la malori 40: namba ya lori, tarehe, tani. Kila lori limebeba karibu tani 30. Swali ni jepesi mno, wengine wanadhani ninawatania: nipe jumla ya tani. Mtu anaandika =SOMME, yaani "jumla" kwa Kifaransa, anachagua safu, anagonga Enter, anapata 871,6. Muda aliotumia ni mfupi kuliko wa kusoma swali, na ananiangalia kama mtu aliyeshinda.

"Hii jumla ni kweli?"

"Kompyuta ndiyo imehesabu, Papa."

Malori 40 mara tani 30. Hata mama anayeuza unga soko la Kenya (komini yetu, si nchi) atakwambia bila karatasi kwamba lazima tuwe karibu na 1.200. Zaidi ya tani 300 zimeyeyuka njiani kwenda mpakani Kasumbalesa na hakuna aliyeshtuka.

Zimekwenda wapi? Mashine zetu nyingi zimepangwa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa sehemu ya kumi hutengwa kwa mkato: 31,4. Ukiwa na klavye kubwa yenye sehemu ya namba kulia, ile nukta yake Excel inaigeuza kuwa mkato yenyewe, kwa hiyo hujui hata kwamba kuna suala. Lakini aliyeingiza data kwenye laptopu ndogo isiyo na sehemu hiyo ameandika nukta ya kawaida: 31.4. Hapo Excel haioni namba, inaona maandishi, na kwa mipangilio ya nchi nyingine inaweza hata kuona tarehe. SOMME ikikuta maandishi ndani ya safu inayaruka tu. Haipigi kelele wala haiweki rangi nyekundu. Inajumlisha zilizobaki na kukupa jibu safi kabisa la swali ambalo hukuuliza.

Dalili ipo, na iko wazi. Namba huegemea kulia ya seli, maandishi huegemea kushoto. Anayejua anatupa jicho kwenye safu na kuona namba kumi na kitu zimesimama upande usio wake, anajua hapo pana jambo. Lakini kuna tabia moja inayonitoa machozi: kupamba kabla ya kuangalia. Mtu anafungua faili, kitu cha kwanza anaweka kila kitu katikati "ili ipendeze", anapaka vichwa rangi ya machungwa, anazungushia mipaka minene. Sasa zote ziko katikati, nzima na mbovu, na dalili kubwa aliyokuwa nayo ameifuta kwa mkono wake. Halafu huyo ndiye aliyeandika 90%, na kusema kweli jedwali lake ndilo zuri kuliko yote.

Msifikiri ni ugonjwa wa huku kwetu. Oktoba 2020 Uingereza iligundua kwamba wagonjwa 15.841 wa korona hawakuingia kwenye hesabu ya taifa, kwa sababu data zao zilipitishwa kwenye faili la aina ya zamani ya Excel, lile linaloishia mstari wa 65.536. Lilipojaa, kilichozidi kilibaki nje, na watu waliokaa karibu na wagonjwa hao hawakutafutwa kwa wakati. Na kuna Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wa Harvard, ambao makala yao ya 2010 kuhusu madeni ya nchi ilinukuliwa na mawaziri. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za makala maarufu. Hazikutoka. Akaomba faili lenyewe, akakuta wastani umechukuliwa bila kushusha uteuzi hadi mwisho wa safu: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark zote zimeachwa nje. Halikuwa kosa pekee kwenye makala ile, na ubishi kuhusu uzito wa kila kosa haujaisha, lakini hili analielewa yeyote aliyewahi kuburuta kipanya. Ukiniuliza ujuzi wa Excel unafananaje, nitakuonyesha huyo mwanafunzi, na fomula aliyohitaji ilikuwa MOYENNE tu, ile ya wastani.

Nikisema haya darasani, hakosi mmoja wa kuniletea wanasaikolojia: "Mwalimu, si ndiyo Dunning na Kruger? Mjinga hajui kuwa ni mjinga." Ndiyo, utafiti upo, wa 1999, Chuo Kikuu cha Cornell. Wanafunzi walipimwa mantiki, sarufi ya Kiingereza na hata kutambua kichekesho kizuri. Robo ya chini kabisa, ambao kwa wastani walisimama kwenye nafasi ya 12 kati ya 100 kuanzia chini, walijiweka kwenye 62. Wanaonukuu huishia hapo kwa sababu hapo ndipo patamu. Wanaacha kwamba robo ya juu walijishusha. Wanaacha pia kwamba wataalamu wa takwimu wameonyesha kitu cha kukera: ukichukua namba za bahati nasibu tupu ukazichora kwa njia ileile, mchoro unaokuja unafanana sana na ule wa Cornell. Aliye chini kabisa hana pa kukosea isipokuwa kuelekea juu, na aliye juu ni kinyume chake. Ni kiasi gani ni saikolojia na kiasi gani ni hesabu, sina hakika, na nawashuku wenye hakika.

Ninachokiona mimi mezani si majivuno. Aliyeandika 90% hajafikiri kwamba anawashinda wengine. Ameorodhesha moyoni kila anachokijua, akaona anakijua karibu chote, akaandika 90. Vitu asivyovijua hajaviona, angevihesabuje?

OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, walijaribu kupima jambo hili bila kuuliza mtu anajionaje. Kati ya 2011 na 2015 waliwapa watu wazima wa miaka 16 hadi 65, katika nchi 33, kazi za kufanya kwenye kompyuta. Hakuna nchi ya Afrika iliyokuwemo. Ngazi ya chini ilikuwa kama kufuta barua pepe uliyoonyeshwa. Ngazi ya juu kabisa ilitaka mtu apitie hatua kadhaa, kwa mfano kujua ni asilimia ngapi ya barua za mtu fulani za mwezi uliopita zilihusu mada fulani. Hapo lazima utafute, uchuje, uhesabu, ugawanye, na hakuna kitufe chenye jina hilo. Waliofika huko ni karibu mtu 1 kati ya 20. Nyingi ni nchi tajiri hizo, zenye umeme saa 24.

Ngazi ya "wastani" sitaijadili. Kila mtu ni wastani.

Vijana wa simu nao, kwa haraka: swali langu kwao ni moja tu, faili liko wapi? Umelipokea kwa WhatsApp, umelifungua, umebadilisha, umefunga. Sasa niletee hilo uliloliandika, si lile ulilotumiwa. Wengi wanaishia hapo, na si kwa kukosa akili. Simu imewaficha folda tangu utotoni.

Sasa shaka zangu, kwa sababu jaribio langu nalo si Injili. Video nyingi za Kiswahili za Excel zinatoka Nairobi na Dar es Salaam, ambako programu iko kwa Kiingereza. Kijana amejifunza VLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu ndani ya jedwali, vizuri, anakuja kwangu, anaiandika, anapata #NOM? na jasho. Huku inaitwa RECHERCHEV, na katikati wanaweka nukta-mkato badala ya mkato. Anayechukua fomula kwa ChatGPT bila kuisoma anakwama hapohapo. Je, hajui Excel? Anayebandika tu, nadhani hajui. Aliyesoma Kitwe au Ndola, akazoea klavye ya Kizambia, kisha anakaa mbele ya AZERTY yangu, klavye ya Kifaransa, na kuandika Q kila akitaka A, huyo ninampima nini hasa? Na aliye na mashine nyumbani, pamoja na betri ya kumvusha umeme ukikatika, ameanza mbio mbele ya mwenzake anayelipia saa kwenye sayba. Matokeo yangu yanachanganya ujuzi na mfuko wa baba, na bado sijapata namna ya kuvitenganisha.

Kwa hiyo siku hizi naweka klavye mbili mezani, na naruhusu fomula iandikwe kwanza kwenye karatasi kwa lugha yoyote. Nimeongeza pia muda, halafu natoka chumbani, maana kuna mikono inayotetemeka mara tu mtu akisimama nyuma yake. Wenzangu wanasema nawalegeza. Ajabu ni kwamba lile swali la malori halijawa jepesi hata kidogo.

Na kwenye CV? Andika kazi uliyofanya na jinsi ulivyoihakiki. "Kila Ijumaa naunganisha mafaili matatu ya mizani na kulinganisha jumla na karatasi za mlangoni" inanitosha kukuita. Hata kama faili lako halina rangi ya machungwa.

Anayetaka jedwali la malori ajipime nyumbani, nitampa. Nukta na mkato sasa mnazijua, lakini mle ndani kuna mitego mingine ambayo sijaitaja.