Mabonge ya Protini Kwenye Damu: Yanayosemwa na Yaliyopo

Mei 2025, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu na unaoendana na mabonge ya protini kwenye ubongo. Tangu hapo maneno kuhusu mabonge hayo ni mengi, na mengi ni ya kijiweni.

"Hayo mabonge ndiyo yanayoleta kiharusi." Hapana. Bonge la damu huziba mshipa. Haya ni protini za mwili wenyewe zilizokunjika vibaya zikanasana, madogo mno kuziba chochote. Katika Alzheimer ni amiloidi na tau. Katika Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, ni alfa-sinukleini.

"Basi mzee aache nyama na maharage." Ushauri huu unaumiza, maana wazee wengi tayari wanakula kidogo. Protini ya chakula huvunjwavunjwa tumboni kabla ya kuingia kwenye damu. Haiendi kuwa bonge kichwani. Pengine uvumi umetokana na dawa: mgonjwa wa Parkinson anayetumia levodopa huweza kuambiwa asiimeze pamoja na mlo wenye protini nyingi. Hapo tatizo ni kwamba chakula na dawa hugombania njia moja ya kufyonzwa. Anabadilisha saa, hafungi kula.

"Ubongo ukijaa mabonge, damu nayo hujaa." Hapa ndipo wengi wanapopotea, na si kosa lao. Amiloidi beta 42 inapoanza kunasa kwenye ubongo, inayotoka nje hupungua, kwa hiyo kwenye damu inashuka. Maabara huilinganisha na ndugu yake, amiloidi beta 40, kupata uwiano. Shida ni kwamba viungo vingine vya mwili navyo hutengeneza amiloidi na kuimwaga kwenye damu hiyo hiyo, hivyo mshuko unaoonekana wazi kwenye maji ya uti wa mgongo unakuwa mdogo sana kwenye damu. Ndiyo maana kipimo kile cha Marekani hupima pia p-tau217, aina moja ya tau, ambayo yenyewe hupanda. Na hata hiyo si bonge: ni vipande vya tau vinavyoelea. Kuyahesabu mabonge yenyewe kwenye damu bado ni kazi ya watafiti, tena vibonge vichache hupatikana hata kwa watu wazima wa afya.

"Damu ni damu, mradi imetolewa." Mwulize fundi wa maabara. Zaidi ya asilimia 99 ya alfa-sinukleini iliyomo kwenye damu imo ndani ya chembe nyekundu. Damu ikivutwa kwa nguvu kwenye sindano nyembamba au chupa ikitikiswa ovyo, chembe hupasuka. Ukiizungusha kwenye mashine, maji ya juu yanayotakiwa kuwa ya njano hafifu yanatoka na wekundu. Sampuli hiyo itaonyesha alfa-sinukleini tele, na haina habari yoyote ya ubongo wa mtu. Kwa Parkinson, kipimo kilichothibitishwa vizuri zaidi hutumia maji ya uti wa mgongo: utafiti wa 2023 wenye washiriki 1,123 ulipata majibu chanya kwa karibu asilimia 88 ya wagonjwa.

"Majibu yakiwa chanya, ugonjwa umeshaingia." Kipimo cha 2025 kiliruhusiwa kwa watu wa miaka 55 na kuendelea ambao tayari wana dalili. Katika sampuli 499 zilizotumika kukipima, karibu asilimia 92 ya waliopata majibu chanya walikuwa kweli na amiloidi kwenye ubongo, na wachache chini ya asilimia 20 hawakupata jibu la kueleweka. Lakini kuwa na amiloidi si sawa na kuugua: kati ya watu ambao kumbukumbu na fikra zao ziko sawa, wanaokutwa nayo ni kama asilimia 10 wakiwa na miaka 50, na asilimia 44 wakifika 90. Figo mbovu nazo hupandisha p-tau217. Kumpima mtu asiye na dalili kwa udadisi tu ni kumnunulia hofu.

"Mzee anasahau, twende moja kwa moja kwenye kipimo cha mabonge." Kabla ya hapo kuna vya bei nafuu: vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, kaswende, VVU, na orodha ya dawa anazomeza. Baadhi ya hayo yakitibiwa, kumbukumbu hurudi.