Kadi ya data kwenye multipleksa: kazi yake ni ipi?

Multipleksa ya simu, yaani kifaa kinachounganisha chaneli nyingi kwenye laini moja, ilitengenezwa kubeba sauti. Katika mfumo wa E1, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde na kila kipimo huandikwa kwa biti 8, ndiyo maana chaneli moja ni kilobiti 64 kwa sekunde. Chaneli 32 zikipangwa pamoja unapata megabiti 2.048 kwa sekunde. (Marekani wana T1 yao yenye chaneli 24.)

Sasa chukua kituo cha kupozea umeme. Kuna kifaa kinachosoma volti na hali ya swichi, na mlango wake wa RS-232 hutoa biti 9,600 kwa sekunde, moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja. Chaneli ya multipleksa haijui mwendo huo. Inayowapatanisha ni moduli ya data mfululizo, yaani kadi inayochomekwa ndani ya multipleksa: mbele ina milango ya RS-232, V.35 au X.21, nyuma inazungumza na chaneli za kilobiti 64.

Kubadili volti za ishara kati ya mlango na chaneli ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni mwendo. Kadi sahili huchungulia waya mara 64,000 kwa sekunde na kutuma inachokiona. Kwa biti 9,600 inapata vipimo kama sita na nusu hivi kwa kila biti, hivyo ukingo wa biti unaweza kusogea kwa asilimia 15, hilo linavumilika. Kwa biti 19,200 kasoro hiyo huongezeka maradufu. Tena chaneli nzima inaliwa na kifaa kimoja, ubadhirifu mtupu. Njia ya V.110, kiwango cha kupakia data ya mwendo mdogo kwenye chaneli, ina akili zaidi: biti 9,600 hupakiwa kwenye kilobiti 16 pamoja na ishara za udhibiti za mlango, na mikondo minne ya namna hiyo inaenea kwenye chaneli moja.

Halafu kuna saa, yaani mapigo yanayoonyesha kila biti inaanza lini, na hapa ndipo mafundi wengi hukesha. Kwenye V.35 na X.21 kadi ndiyo hutoa mapigo ya saa, kifaa hufuata. Kila upande ukijiendeshea saa yake, hata tofauti ya moja kwa milioni huzidisha au kupunguza biti moja kila baada ya sekunde 16 hivi. Mwisho bafa, yaani kumbukumbu ndogo inayoshikilia biti kwa muda, hujaa au hukauka, na data hupotea. Kwenye simu ungesikia mlio mdogo tu. Kwenye data ujumbe mzima huharibika. Kwa hiyo makosa yakijirudia kwa vipindi vinavyolingana, kagua chanzo cha saa kabla ya kubadili kebo.

Mbona kadi hizi hazijafutwa na IP, yaani mitandao inayotuma data kwa pakiti kama intaneti? Kwa sababu ucheleweshaji wa chaneli haubadilikibadiliki. Relei za ulinzi, vifaa vinavyoamuru umeme ukatwe hitilafu ikitokea, za pande mbili za laini ya umeme zinapaswa kuambiana "kata" ndani ya milisekunde chache, na pakiti iliyokwama kwenye foleni ya ruta haiwahi.