Kupima Chumvi ya Maji ya Bahari kwa Refraktomita ya Kidijitali

Refraktomita ya mkononi hupima jinsi maji yanavyopinda mwanga, kisha hukigeuza kipimo hicho kuwa namba ya chumvi. Maji safi yakiwa na nyuzijoto 20 za Selisiasi, namba yake ya mpindo wa mwanga ni 1.3330. Maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja hufika takribani 1.3394. Pengo ni dogo mno, na kifaa kinatakiwa kuligawa katika vipande 35. Ndiyo maana mafuta ya kidole, tone la maji ya bomba lililobaki au joto la jua huweza kuharibu jibu, huku skrini ikiendelea kuonyesha namba inayopendeza macho.

Chini ya kisima kidogo cha kuwekea sampuli kuna kioo cha prizimu. Taa ndogo ya LED huelekeza mwanga mahali kioo kinapogusana na maji. Baadhi ya miale hupenya na kupotelea majini, na mingine iliyolala zaidi hurudishwa yote ndani ya kioo. Mpaka kati ya mwanga na kivuli huangukia kwenye kihisi, na chumvi ikiongezeka mpaka huo husogea. Kwa kuwa mwanga unaofika kwenye kihisi hausafiri kupita kwenye maji yenyewe, maji yenye tope kidogo yanaweza kupimika. Hata hivyo acha mchanga utuame kwanza, kwani chembe zake hukwaruza prizimu, na mkwaruzo hautengenezeki.

Kabla ya kupima, kifaa husawazishwa kwenye sifuri kwa maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji yasiyo na madini. Maji ya bomba au ya chupa ya kunywa hayafai, kwa sababu yana madini ambayo kifaa kitayahesabu kuwa sifuri. Ukitumia maji ya betri, soma lebo kwa makini: chupa nyingine zina tindikali, nayo ni hatari kwa ngozi na kwa kifaa. Jaza kisima mpaka prizimu ifunikwe yote, subiri kama dakika moja, kisha bonyeza kitufe cha sifuri. Fanya hivyo kila siku ya kazi, ukibadilisha betri, na ukihamia mahali penye joto tofauti.

Hapa ndipo wengi huishia, na hapa ndipo matatizo huanza. Sifuri sahihi haithibitishi kwamba 35 ni sahihi. Kifaa kinaweza kusoma 0 bila kasoro kwenye maji safi, kisha kikasoma 32 au 38 kwenye maji ya bahari, kwa kuwa kosa lake linakua kadiri chumvi inavyoongezeka. Dawa yake ni kukijaribu kwa myeyusho unaojulikana, ulio karibu na maji unayokusudia kupima. Unaweza kuutengeneza mwenyewe: pima gramu 36.5 za chumvi safi kavu isiyotiwa madini joto wala dawa ya kuzuia kugandamana, uiyeyushe katika gramu 963.5 za maji yaliyokenekwa. Pima vyote kwa mizani, usitumie vijiko. Myeyusho huu hupinda mwanga sawa na maji ya bahari yenye 35, kwa hiyo kifaa cha maji ya bahari kinapaswa kusoma 35. Uhifadhi kwenye chupa inayofunga barabara. Ukiachwa wazi, maji yatapungua na chumvi itakolea.

Mbona gramu 36.5 zilingane na 35? Chumvi ya mezani ni kloridi ya sodiamu peke yake, lakini bahari ina pia magnesiamu, salfati, kalsiamu na potasiamu, na mchanganyiko huo hupinda mwanga zaidi kidogo kwa uzito uleule. Kutokana na hilo, kifaa kilichoundwa kupima maji ya chumvi ya kupikia au ya kuhifadhia vyakula kitayasoma maji ya bahari ya 35 kuwa takribani 36.5. Hakikisha kwenye kijitabu cha maelezo kwamba chako ni cha maji ya bahari. Kosa hili halionekani kwa macho wala halirekebishwi na kitufe cha sifuri.

Ubora wa jibu huanza na sampuli. Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale unayokwenda kupima, ijaze hadi mdomoni, ifunge, kisha ipeleke kivulini. Bwawani au mdomoni mwa mto, mvua ikishanyesha, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hukaa juu ya maji chumvi kwa kuwa ni mepesi. Ukichota juu tu utapata namba ya chini, ilhali kambamiti walio sakafuni wanaishi kwenye maji tofauti kabisa. Chota juu na chini, uandike kila kimoja peke yake.

Kausha kisima kwa karatasi laini. Dondosha matone machache ya sampuli kwa dropa ya plastiki, uyafute, ndipo uweke matone ya kupima. Matone ya kwanza huondoa masalia ya maji ya kusuuzia, ambayo yangepunguza chumvi. Angalia kusiwe na mapovu juu ya kioo. Funika kisima kwa mkono bila kukigusa ikiwa uko juani, kwani mwanga mkali wa nje huingia kwenye kihisi. Kisha kipe kifaa muda. Vifaa vingi hujirekebisha vyenyewe kulingana na joto, lakini marekebisho hayo ni ya kuaminika pale tu sampuli na prizimu zinapokuwa na joto moja. Bila marekebisho, tofauti ya nyuzijoto moja huhamisha jibu kwa takribani nusu gramu kwa kilo. Kifaa kilichoachwa kwenye gari lililoegeshwa juani kinahitaji kupoa kwanza. Wakati huohuo usichelewe mno: tone dogo hukauka upesi, na namba hupanda kila unapobonyeza tena. Ukiona namba inapanda mfululizo, futa uweke tone jipya.

Pima mara tatu kwa matone mapya. Namba zikipishana kwa zaidi ya 1, safisha prizimu na uanze upya.

Skrini huweza kuonyesha vipimo vitatu. Gramu kwa kilo ndicho rahisi kukielewa. PSU, kizio cha chumvi kinachotumiwa na wanasayansi wa bahari, hutokana na kipimo cha mwaka 1978 kilichojengwa juu ya uwezo wa maji kupitisha umeme, hivyo refraktomita huikokotoa tu kutoka kwenye mwanga. Maji ya PSU 35 yana takribani gramu 35.17 kwa kilo, tofauti iliyo ndogo kuliko kosa la kifaa chenyewe. Cha tatu ni uzito linganishi, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji safi ya ujazo uleule, ambao kwa maji ya 35 huwa kati ya 1.026 na 1.027. Chagua kimoja ukishikilie kwenye daftari lako lote.

Soma pia kiwango cha usahihi kilichoandikwa kwenye maelezo. Kwa vifaa vingi vya aina hii ni jumlisha au toa 2. Ukisoma 34, ukweli uko kati ya 32 na 36. Kwa mwani au samaki wa bahari hilo linatosha kuonya kwamba mvua imeshusha chumvi au jua limeipandisha. Halitoshi kwa maji ya kisima unachohofia kuwa kimeanza kuingiliwa na bahari. Maji yenye gramu 1 tu kwa lita tayari yana ladha isiyopendeza, ilhali refraktomita inaweza kuyasoma 0 bila kuwa na hitilafu yoyote. Tafadhali usimwambie mtu kwamba kisima chake ni salama kwa sababu ya sifuri hiyo. Kazi hiyo ni ya mita ya kupima upitishaji umeme wa maji, pamoja na vipimo vya maabara vinavyotafuta vijidudu na kemikali.

Ukimaliza, suuza kisima kwa maji yaliyokenekwa na ukikaushe, kwa kuwa chumvi iliyokaukia kwenye prizimu itaongezeka kwenye kipimo cha kesho. Usikisugue kwa kitu cha chuma, na toa betri kama hutakitumia kwa muda mrefu.