Waliochanjwa ndio wengi? Kati ya wangapi?

Kila surua ikizuka Dar, lazima mtu anitumie hesabu ileile: "Daktari, zaidi ya nusu ya walioumwa walichanjwa. Sasa chanjo ya nini?" Kwanza, mimi si daktari, ni mfuatiliaji wa magonjwa. Pili, kaa chini tuhesabu.

Chukua mtaa wenye watoto 1,000. Watoto 900 wamepata dozi ya miezi 9, 100 hawajapata. Dozi hiyo hukinga kama watoto 85 katika kila 100, maana kwa umri huo wengine bado wana kinga ya mama inayozuia chanjo isishike vizuri. Kwa hiyo 135 waliochanjwa wako wazi. Virusi vikiwafikia wote wasio na kinga, wataugua 235, na 135 kati yao wana kadi yenye tarehe ya chanjo. Zaidi ya nusu, kweli kabisa! Ila waliochanjwa wameugua 15 katika kila 100, na wasiochanjwa wameugua wote. Sasa nani kapata hasara?

Ndiyo sababu ya dozi ya miezi 18, iliyoanza nchini 2014. Funua kadi za kliniki uone: mwaka wa kwanza tarehe zimejaa, kwenye miezi 18 peupe. Mtoto anatembea, mama yuko kwenye biashara, kliniki imesahaulika.

Lakini hata sisi hiyo "kati ya wangapi" mjini inatusumbua. Idadi ya watoto wa kata hukadiriwa kutokana na sensa, na wapangaji wanahama kila kodi ikiisha. Mama wa Mbagala anachanjia mwanawe Kariakoo, karibu na meza yake. Basi kata inaripoti kuchanja zaidi ya asilimia 100, watu wanapiga makofi, kumbe kuna vichochoro havijaguswa. Mimi takwimu hiyo hunitia wasiwasi.

Naiamini zaidi orodha ya wagonjwa: umri, mtaa, dozi ngapi, tarehe upele ulipotoka. Ya upele, si ya kufika zahanati! Mtoto huambukiza tangu siku 4 kabla ya upele hadi siku 4 baada yake. Tarehe ikikosewa, nitawatafuta aliokaa nao siku zisizohusika.

Na kadi ikipotea, semeni imepotea. Hiyo "alichanjwa zote" ya kukisia ndiyo inayoniharibia orodha.